Kila Uwanja wa Watoto Uwe na Mtu Wake

Jumamosi moja, saa kumi jioni, nilisimama pembeni ya uwanja wa mpira huko juu Kibosho nikimsubiri mtu aliyechelewa. Asubuhi mvua ilikuwa imenyesha, nyasi zimelowa, Kibo imejitokeza nyeupe bila wingu. Watoto kama thelathini walikuwa wanacheza, wachache wana viatu, wengi peku, na timu moja imevua mashati ili watambuane. Nyuma ya goli la upande wa chini, wadogo waliokosa namba walikuwa wamejitungia mchezo wao. Wanarukia mtambaa wa panya, wananing'inia, wanabembea, wanashuka, anapanda mwingine. Kila mmoja alipobembea, miguu ya goli ilinyanyuka kidogo kutoka ardhini, kisha ikarudi.

Nilikwenda nikalisukuma lile goli kwa mkono mmoja, likaitika. Lilikuwa la mabomba ya chuma ya maji yaliyochomelewa, zito la kubebwa na wanaume wanne, nalo limekaa juu ya udongo tu, halijachimbiwa. Waya uliokuwa umelifunga kwenye kigingi ulishakatika zamani, ncha yake imeliwa na kutu. Nikawaomba watoto washuke. Walishuka kwa adabu, wakaniamkia shikamoo mmoja baada ya mwingine. Kisha mdogo kuliko wote, wa miaka minane hivi, akaniuliza: "Kwani wewe ndiye mwenye uwanja?"

Nikamjibu si mimi. Nikamuuliza, basi mwenyewe ni nani? Akafikiri, akawatazama wenzake, akasema: "Hauna."

Mtoto yule alisema kweli, na kweli yake ndiyo iliyonikalisha niandike wito huu kwenu, ndugu zangu wa Moshi mjini na wa vijiji vya mlimani, kuanzia Machame mpaka Rombo. Kwenye makaratasi uwanja ule una mwenyewe, tena pengine zaidi ya mmoja. Asubuhi ni wa shule. Jumapili, kukiwa na mkutano wa injili au harambee, ni wa kanisa. Wakati wa kampeni ni wa chama. Siku ya chanjo ya mifugo ni wa kijiji. Lakini saa kumi jioni, saa ambayo watoto ndio wanauhitaji hasa, hakuna mtu mzima anayeweza kusema, "Hapa ni pangu, na nitakachokiona hapa nitakijibia." Ninachoomba ni kitu kimoja tu: kila uwanja ambao watoto wetu wanachezea, tuutafutie mtu wake.

Tukitaka tunaweza, na tumeshaonyesha. Kila mwaka, tangu 2003, mji wetu unapokea wakimbiaji wa Kilimanjaro Marathon. Siku hiyo njiani kuna meza za maji, kuna watu wa huduma ya kwanza, magari ya wagonjwa yamekaa tayari, askari wamesimamisha magari barabarani, mpaka mkimbiaji wa mwisho arudi uwanja wa Ushirika. Hao ni watu wazima, wana akili zao, wamejiandikisha wenyewe na wanajua wanachokifanya. Wiki inayofuata, kilomita chache kutoka hapo, watoto wa Pasua, Njoro na Majengo wanacheza chandimu juani saa nane mchana bila hata kidumu cha maji. Sisemi marathon ipunguziwe chochote. Nasema kwamba ule utaratibu tunaujua, umo mikononi mwetu, na kipande chake kidogo kinawatosha watoto.

Nikupe mfano wa mbali kidogo. Kuna mchezo unaitwa lakrosi. Asili yake ni wenyeji wa kwanza wa Amerika ya Kaskazini, na miongoni mwao Wahaudenosaunee wanaucheza mpaka leo wakiwa na timu yao wenyewe kwenye mashindano ya dunia. Mchezaji anashika fimbo yenye kikapu cha wavu mwishoni, anadakia mpira kwa kile kikapu, anakimbia nao, anaurusha golini. Majirani zetu Uganda waliupokea, na mwaka 2014 walipeleka timu Denver, Marekani, wakawa nchi ya kwanza ya Afrika kucheza kombe la dunia la lakrosi la wanaume. Mwaka 2028 mchezo huo unarudi kwenye Olimpiki huko Los Angeles. Mara ya mwisho kugombewa medali zake ilikuwa London mwaka 1908. Moshi ni mji wa wageni. Wanaokuja kupanda mlima na wanaokuja kujitolea mashuleni hutuletea michezo yao, na sitashangaa siku moja fimbo za lakrosi zikiteremshwa kwenye haisi pale Kiboriloni. Zikija, karibu sana. Watoto wetu wana miguu na wana macho, watauweza.

Ila sikiliza mchezo ule unavyochezwa kwao. Mpira wake ni wa raba ngumu, mdogo kama chungwa, na unaruka kwa kasi kubwa. Wavulana hawaingii uwanjani bila kofia ngumu yenye wavu wa chuma usoni, glavu, kinga za mabega na kinga ya meno. Wasichana, ambao kanuni zao haziruhusu kugongana miili, wanavaa miwani ya kukinga macho na kinga ya meno. Na kuanzia Januari 2022, Marekani, kila mvulana anayecheza lazima avae kinga maalumu ya kifua. Sababu yake yaumiza roho. Mpira mgumu ukimpiga mtoto kifuani, juu ya moyo, katika sehemu ndogo sana ya pigo la moyo, moyo unaweza kuvurugika mapigo na kusimama. Mtoto mzima, asiye na ugonjwa wowote, anaanguka pale pale. Ni jambo la nadra, lakini limetokea, na wenye mchezo hawakusema ni bahati mbaya wakaendelea. Waliutazama mpira wao, wakakubali kwamba unaweza kuua, wakaandika kanuni.

Sisi mpira wetu wa miguu tunaupenda mno, ndiyo maana hatujawahi kuutazama hivyo. Tumeuzoea kama tulivyozoea moshi wa jikoni. Mtoto akivunjika mkono tunasema ndiyo mpira. Akizimia tunasema jua kali. Siwaombi muwanunulie watoto kofia ngumu za Marekani. Tujifunze lile tendo lao la kwanza, la kuutazama mchezo wa mtoto kwa macho ya mtu anayewajibika.

Nianze na kichwa, maana hapo ndipo ninapoogopa zaidi, na ndipo nilipokosea mwenyewe.

Mtoto wa dada yangu, wakati huo yupo darasa la sita, aligongana vichwa na mwenzake wakiwania mpira wa juu. Akaanguka, akakaa chini kama dakika moja, macho yamemtoka. Tuliokuwepo tukafanya kile ambacho kila mtu hufanya: tukammwagia maji kichwani, tukampiga mgongoni, tukamwambia wewe mwanaume, inuka. Akainuka. Akarudi kucheza, tena akashangiliwa. Jioni, wakati wa chakula, aliniuliza mara tatu kama mechi imeisha. Nilidhani anatania. Usiku wa manane akaanza kutapika, na alipoitwa jina akawa anaitika kwa sauti ya mtu aliye chumba cha pili. Tulimkimbiza hospitali kwa pikipiki ya jirani, mimi nyuma nimemshika. Mungu alituhurumia, alipona, leo ni kijana mkubwa. Lakini daktari aliniuliza swali moja tu ambalo sikuwa na jibu lake: "Baada ya kuanguka, nani alimrudisha uwanjani?"

Tulimrudisha sisi. Mimi nikiwemo.

Sasa nayajua mambo ambayo nilipaswa kuyajua siku ile, na nakuomba uyashike. Mtoto aliyegongwa kichwa, akaonekana amepotea hata kwa sekunde chache, ubongo wake umetikisika. Si lazima azimie. Akishikwa na kizunguzungu, akilalamika kichwa, akijibu maswali ovyo, akisahau kilichotokea, akitembea kama aliyelewa, mtoe. Siku hiyo asirudi tena, hata fainali iwe imebaki dakika mbili, hata kama yeye ndiye mfungaji. Ukiwa na shaka, shaka hiyo hiyo inatosha kumtoa. Hatari yenyewe ni kugongwa mara ya pili kabla ubongo haujatulia, na ubongo wa mtoto unachelewa kutulia kuliko wa mtu mzima. Atarudi uwanjani akiruhusiwa na daktari, kwanza kwa kutembea na kukimbia kidogo, mpira baadaye.

Na kuna dalili zisizosubiri asubuhi. Akitapika tena na tena, maumivu ya kichwa yakizidi, akishikwa na degedege, mkono au mguu ukilegea, mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko ya jingine, damu au maji maji yakitoka puani au masikioni, au akilala usingizi ambao kumwamsha ni kazi, huyo apelekwe hospitali saa ile ile. Hapa mkoani kwetu tumejaliwa. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, inapokea majeruhi wa kichwa kutoka kanda nzima ya kaskazini, na Mawenzi ipo katikati ya mji. Mtoto wa Moshi hafi kwa kukosa hospitali karibu. Anakufa kwa sababu mtu mzima aliyekuwa uwanjani hakujua kwamba ni wakati wa kwenda. Au hakuwepo.

Akiwa ameanguka vibaya na analalamika shingo, usimvute mikono kumwinua. Mwache alale alivyo, mwenzio mmoja amshikilie kichwa kisigeuke, huku msaada ukitafutwa. Mkono uliopinda usikandwe. Najua kila kijiji kina bibi au babu mwenye sifa ya kukanda viungo, nami nawaheshimu wazee wetu, lakini mfupa uliovunjika ukikandwa, ncha zake zinakata mishipa. Ufunge ulivyo, kwa kipande cha boksi gumu na kanga, uende kituo cha afya. Jino la ukubwani liking'oka, liokote kwa kulishika upande wa juu, si mzizi, lisuuze kidogo bila kulisugua, litie kwenye kikombe cha maziwa, umkimbize mtoto kwa daktari wa meno ndani ya saa moja. Linaweza kurudishwa likashika. Maziwa hayakosekani Uchagani. Ng'ombe yupo nyuma ya nyumba.

Na aliyeanguka ghafla, haitikii, hapumui kama kawaida? Usimmwagie maji na usimtie kijiko mdomoni. Weka kiganja katikati ya kifua chake, kandamiza kwa nguvu na haraka, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, kifua kizame kama theluthi ya unene wake, na usiache mpaka aamke au wahudumu wafike. Hili huwezi kulishika kwa kulisoma tu. Waombeni wauguzi wa zahanati yenu waje siku moja uwanjani na mdoli au hata mto, wawaonyeshe. Mchana mmoja unatosha.

Tunaoishi mlimani tuna jambo letu ambalo watu wa tambarare hawalijui. Kwetu ardhi iliyonyooka ni adimu. Uwanja umechongwa kwenye mteremko, pembeni yake kuna korongo, chini yake kuna barabara, na mara nyingi mfongo unapita kandokando ukipeleka maji vihambani. Mpira ukitoka upande wa chini hausimami. Unashuka kwenye migomba, unaruka ukingo, unaingia barabarani, na mtoto nyuma yake hatazami kitu kingine isipokuwa mpira. Bodaboda anashuka kutoka Kibosho au Marangu amezima injini kuokoa mafuta, hasikiki. Nimewahi kukaa nikahesabu, katika mchezo wa saa moja, mpira ukitoka upande wa barabara mara kumi na moja. Mara kumi na moja, mtoto mmoja alikimbia kuelekea lami bila kutazama kushoto wala kulia.

Dawa yake ipo kwetu tangu enzi za mababu. Masale. Mchaga hahitaji kufundishwa masale: ndiyo mpaka wa kihamba, na jani lake ndilo analolibeba aliyekosa akienda kuomba msamaha. Chomekeni masale upande wote wa chini wa uwanja, mistari miwili, yakae karibu karibu. Hayanunuliwi, unakata tu na kuchomeka, na kwa mvua zetu yanashika. Baada ya misimu michache mpira utagonga ukuta wa majani na kurudi. Wakati yanakua, tungeni sheria ya watoto wenyewe, kwamba mpira ukivuka mstari hakuna anayeufuata mpaka mkubwa aliyechaguliwa aseme sawa. Watoto wanapenda sheria, hasa wakishirikishwa kuitunga. Wataisimamia kuliko sisi.

Kuhusu radi nitasema kwa msisitizo, kwa sababu tunaizoea na haizoeleki. Januari 2025, wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda, wilayani Bukombe mkoani Geita, waliuawa na radi wakiwa shuleni, na wenzao wengi wakajeruhiwa. Mlimani kwetu masika na vuli huja na ngurumo za mchana, saa zile zile za michezo. Ngurumo ya kwanza ikisikika, filimbi ipigwe, mchezo uishe, watoto waingie ndani ya jengo imara au ndani ya gari lililofungwa vioo. Wasikimbilie chini ya mikaratusi pembezoni mwa uwanja. Mti mrefu ndio mahali pabaya kuliko pote. Na wasirudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Wataalamu ndivyo wanavyosema, dakika 30, hata jua likiwa limeshatoka. Kipindi hicho wahadithieni, waimbe, wale miwa.

Safari nazo. Msimu wa michezo ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, unapofika, watoto wanasafirishwa kutoka shule hadi kata, kata hadi wilaya. Siku ya Mei 6, 2017, huko Rhotia wilayani Karatu, basi la shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni, tukapoteza wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Wale walikuwa wanakwenda kwenye mtihani, si mpirani, lakini barabara haiulizi. Mzazi, gari linalombeba mwanao kwenda mashindanoni litazame kabla hajapanda. Likiwa ni lori, mkatalie. Likiwa haisi ya abiria kumi na wanne imejazwa watoto thelathini, mkatalie na umpigie mwalimu mkuu. Mwalimu hatakuchukia; mara nyingi anangoja mzazi mmoja aseme ili naye apate nguvu ya kusema.

Kuna hatari nyingine ambayo haitokani na mpira, na watu wengi wanaona haya kuitaja. Mimi naitaja. Yupo anayejitolea kufundisha watoto kwa moyo safi, na hao ndio wengi, Mungu awabariki. Lakini yupo anayeutafuta uwanja kwa sababu hapo watoto wanapatikana bila wazazi. Kocha wa watoto ajulikane kwa mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa, jina lake na anapoishi. Asibaki na mtoto mmoja peke yake chumbani wala asimpeleke safari ya kulala bila mtu mzima mwingine, na timu ya wasichana iwe na mwanamke mzima pamoja nayo muda wote. Mtoto akikwambia kocha fulani ananifanyia hivi, usimkemee, msikilize mpaka mwisho. Namba ya Huduma ya Simu kwa Mtoto ni 116, haina malipo. Iandikwe kwa rangi kubwa kwenye ukuta wa choo cha uwanja, mahali ambapo mtoto anaweza kuisoma bila kuonekana anaisoma.

Baada ya kuyasoma haya, pengine kuna mama anayejisemea moyoni kwamba basi wangu hatoki tena getini. Nakusihi, mama, usifanye hivyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeandika mchezo na mapumziko miongoni mwa haki za mtoto ambazo mzazi ana wajibu nazo, sambamba na chakula, malazi, matibabu na elimu. Waliotunga hawakukosea kuiweka hapo. Mtoto asiyekimbia huumwa kwa njia nyingine, polepole, mbele ya televisheni na simu. Na mabinti zetu ndio wanaofungiwa kwanza. Mchezo wa rede ukitimua vumbi, wanaitwa waje kuosha vyombo, kaka zao wanaachwa. Mchezo ukiwa salama ndipo na binti ataachiwa atoke, na huo ni ushindi mkubwa kuliko kombe lolote.

Basi mtu wa uwanja ni nani? Hatumtafuti mbali. Ni mwalimu mstaafu ambaye jioni anakaa barazani peke yake. Ni dada anayeuza maandazi na karanga pembeni ya uwanja, ambaye tayari anawajua watoto wote kwa majina na nani mkorofi nani mgonjwa wa pumu. Ni kijana aliyemaliza kidato cha nne akisubiri maisha yamwite. Wawe wawili au watatu, wapokezane siku. Mwenyekiti awatambulishe kwenye mkutano wa kijiji, watu wawaone, watoto wawaone. Wapewe filimbi, na pamoja na filimbi wapewe mamlaka ya kusimamisha mchezo bila kubishiwa na mzazi wala na kocha. Wapewe sanduku lenye glavu, bandeji, pamba, sabuni, plasta, mkasi na tochi. Wawe na daftari lenye jina la kila mtoto, namba ya simu ya mzazi, na ugonjwa wake kama anao. Wajue namba ya zahanati, ya dereva mwenye gari aliye karibu, na ya Zimamoto na Uokoaji, ambayo ni 114. Kiwepo kidumu cha maji safi na vikombe, hasa Januari na Februari wakati mji wa Moshi unawaka.

Mnauliza pesa. Kuchimbia goli ni kazi ya wanaume sita asubuhi moja, na mfuko mmoja au miwili ya saruji. Goli la kuhamishwa lilazwe chini likimaliza kutumika, au lifungwe kwa vigingi na magunia ya mchanga nyuma yake. Ndugu zangu mnaoishi Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma na ng'ambo, mnaopanda mlima kila Desemba na foleni ya magari ikaanzia Chalinze, nawaomba kitu. Mnapokuja kukarabati nyumba ya mzee na kuchinja mbuzi, siku moja kati ya hizo mkusanyike kwenye uwanja mliochezea mkiwa wadogo. Mje na koleo, sepetu na saruji. Mkague magoli, mzibe mashimo, mwokote chupa na mabati, mchomeke masale, muwaache watoto na filimbi na sanduku lililojaa. Ninyi ndio mnaojua lile shimo la upande wa kulia lilipo, maana lilishawaangusha.

Na mjini ni hivyo hivyo. Wenye gereji mna mashine za kuchomelea. Wenye maduka ya dawa mna bandeji. Wachungaji na mapadri mna viwanja, tena vizuri kuliko vya shule nyingi, na mna waumini wanaosikia mkisema. Madiwani, mnapopanga matumizi ya maeneo ya wazi, msiukate uwanja wa watoto vipande vya fremu za maduka, maana wakikosa uwanja watachezea barabarani.

Mimi nilirudi Kibosho wiki iliyofuata na fundi mmoja, koleo mbili na mfuko wa saruji. Tulipofika, wanakijiji wanne waliacha shughuli zao wakatusaidia bila kuombwa, na mama mmoja akaleta chai. Lile goli sasa limezama ardhini kiasi cha goti. Yule mtoto wa miaka minane alilisukuma kwa mikono miwili, kisha kwa mgongo, halitikisiki. Akauliza tena mwenye uwanja ni nani. Safari hii mwalimu mmoja mstaafu, aliyekuwa ameshika ubao wakati tunamwaga zege, alisema: "Jumatatu na Jumatano, mimi."

Bado siku tano. Na huo ni uwanja mmoja tu.

Jumamosi hii, kabla ya saa kumi jioni, nenda kwenye uwanja ulio karibu na kwako. Lisukume goli kwa mkono mmoja. Likitikisika, wazuie watoto, kisha nenda kwa mwenyekiti jioni hiyo hiyo umwambie umekuja kujiandikisha siku yako.